Mke wangu kauliza, "Tutakunywa nini?"

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Mbagala, nimechoka na foleni na kodi ya nyumba. Nataka kuuza kiwanja chetu ninunue mashua ya futi 22, mimi na mke wangu tuishi kwa utulivu tukizunguka visiwa, Mafia hadi Songosongo. Yeye kaniuliza, "Tutakunywa nini?" kisha akanuna. Nimshawishi vipi? – Mchovu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Mkeo kauliza swali la kinahodha, wewe ukalisikia kama ubishi. Mjibu kwa hesabu.

Kunywa na kupika, weka lita 4 kwa mtu kwa siku. Nyie wawili, siku 7, ni lita 56. Bebeni madumu manne ya lita 20, yafungwe mbalimbali, ili moja likipasuka msikaukiwe. Wala usidhani kila kisiwa utajaza: Jibondo ina mafundi hodari wa vyombo, lakini maji matamu ni ya shida. Jazeni Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kabla ya kung'oa nanga.

Kiwanja usiuze. Chombo cha mbao hakiishi kudai: kila baada ya miezi michache kipandishwe pwani, kikwanguliwe, kitiwe kalafati (pamba ya kuziba mianya ya mbao) upya, kipakwe chini. Ukienda kununua, nenda na fundi maji yakiwa yamekupwa, chombo kimelala mchangani. Bonyeza ncha ya kisu kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na mbao za chini. Minyoo ya baharini hula ndani na kuuacha uso mzima, kwa hiyo rangi mpya isikupumbaze. Mimi nikiona rangi mbichi ndiyo kwanza naingia shaka. Kisu kikizama, ondoka.

Uliza pia tanga la pili, dogo. Tanga letu la pembetatu halipunguziki kirahisi upepo ukikaza. Hutuliwa chini, likatwekwa dogo juu. Wengi huona uvivu kubadilisha, na hapo ndipo chombo kinapolala ubavu.

Kwenda Songosongo ni kusini, basi ngoja kaskazi, upepo wa kaskazini, ya Desemba hadi Februari ikusukume. Kusi, upepo wa kusini, ikianza utabisha (utakwenda mshazari dhidi ya upepo) siku nzima na usiende mbali. Masika kaa nchi kavu: maji ya Rufiji huchafua bahari, miamba haionekani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga huko huko Mafia, kwa hiyo utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usikilizwe kila siku. Penye miamba pita kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, jua likiwa mgongoni mwako.

Nanga nayo ina hesabu. Ukitia penye mita 2 maji yakiwa yamekupwa, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu, linaweza kuongeza mita 3 na zaidi. Kamba ya mita 10 itanyanyua nanga usiku mmelala. Toa mita 25 au 30, ila kwanza angalia nyuma yako hakuna mwamba.

Kabla ya yote hayo, omba ubaharia kwa nahodha wa huko, msimu mmoja, bila kuuza kitu. Mkeo naye akae kisiwa cha Chole, huko Mafia, wiki moja, apaone mwenyewe. Mkinunua, andikisheni chombo TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na jaketi za kujiokolea ziwe mbili, za saizi zenu.

Kuna swali hajauliza bado: choo. Mashua ya futi 22 haina. Ni ndoo yenye mfuniko na pazia la turubai huko tezi, nyuma ya chombo. Nunua turubai kabla hajauliza.