Maswali ya Wasomaji: Dagaa Melini, Mabehewa Majini na Mawe ya Mwanza

SWALI: *Napeleka dagaa Bukoba kwa meli kutoka Mwanza. Mara mbili sasa magunia ya chini yamefika na ukungu, na nilikuwa nimeyaanika vizuri. Halafu nikiomba yawekwe sitaha ya juu penye hewa, wanakataa. Shida iko wapi? – Mfanyabiashara, Kirumba*

JIBU: Tuanze na sitaha, maana hapo hakuna mjadala. Meli hukaa wima kwa sababu uzito mwingi uko chini. Kila gunia linalopandishwa juu huipunguzia nguvu ya kujirudi inapopigwa na wimbi ubavuni. Mzigo uliolegea ni hatari zaidi. Mama aliyejitwika ndoo huweka jani au sahani juu ya maji ili yasichezecheze. Mzigo usiofungwa ni maji yasiyo na jani. Chombo kikiinama kidogo, nao unakimbilia upande huohuo na kukiinamisha zaidi. Mwanza inalijua hili kwa uchungu. MV Bukoba, iliyojengwa kwa abiria 430, ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo tu kufika hapa, na watu zaidi ya 800 wakafa. Makaburi yao yapo Igoma hadi leo. Kwa hiyo karani akikwambia mzigo unashuka chini, ushuke.

Sasa ukungu. Tunadhani makosa ni mawili, na la kwanza linaanzia mwaloni. Dagaa wakitolewa juani saa nane mchana na kushindiliwa kwenye gunia wakiwa bado moto, joto lile linatoa jasho usiku kucha. Watandaze kivulini saa moja au mbili wapoe kwanza. Kabla ya kufunga, chukua dagaa watano wa katikati ya chungu, si wa juu, uwakunje. Aliyekauka anavunjika, akipinda kama kamba, mrudishe juani. Gusa na kichwa chake, maana hicho ndicho kinachochelewa kukauka.

Kosa la pili liko melini. Usiku chuma cha meli hupoa kwa maji ya ziwa, na hewa yenye mvuke ikikigusa hugeuka matone. Tena chombo hichohicho mara nyingi kimetoka kushusha ndizi za Bukoba, kwa hiyo sakafu bado ina unyevu. Omba magunia yako yakae juu ya mbao, yaachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na yasipakane na nyanya wala samaki wa barafu. Usiyafunge kwa nailoni kwa kuogopa mvua, kwani nailoni inafungia unyevu ndani. Turubai la kufunika juu linatosha, na liondolewe mkishafika. Jina na idadi ya magunia viandikwe kwa rangi, au kwenye kibao kilichofungwa kwa waya. Kalamu ya kawaida hufutika kwa mvua moja tu, na ugomvi mwingi wa gatini huanzia hapo.

SWALI: *Wanafunzi wangu waliona mabehewa ya treni yakiingizwa melini Bandari ya Kusini. Yanaingiaje bila meli kuinama? Na reli mpya ya kisasa, SGR, ikifika? – Mwalimu, Nyegezi*

JIBU: Wanafunzi wako wamebahatika, maana ni shughuli ya kutazamwa kwa saa nzima. Tawi la Reli ya Kati kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Reli ya Kenya ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901. Zote, pamoja na ile ya Uganda, zilijengwa kwa upana mmoja wa milimita 1,000. Ndiyo maana behewa lililopakiwa Dar es Salaam linaweza kuvuka ziwa hadi Port Bell, Uganda, na kuendelea na safari bila mtu kugusa mzigo wake. MV Umoja, yenye uwezo wa tani 1,200, ndiyo inayofanya kazi hiyo. Safari za Port Bell zilikuwa zimelala kwa miaka, zikafufuliwa 2018.

Waonyeshe wanafunzi daraja la chuma lililo kati ya gati na meli. Upande wa nchi kavu limeshikwa na bawaba. Upande wa maji linapandishwa na kushushwa. Lisingewezekana kuwa la kudumu, kwani ziwa halikai kimo kimoja. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 yakafikia tena kimo kile. Meli yenyewe nayo inazidi kuzama kidogo kwa kila behewa linaloingia, na daraja linaifuata.

Kuinama kunazuiwa kwa mpangilio. Behewa zito likiingia reli za kushoto, linalofuata linakwenda kulia. Ukijaza upande mmoja kwanza, meli inalala, reli za melini zinaachana na za darajani, na gurudumu linatoka nje. Injini ya treni ni nzito mno kupanda, kwa hiyo katika meli za aina hii inabaki nchi kavu na kusukuma kwa kupitia mabehewa matupu, kama unavyotumia fimbo kufikia kitu cha mbali. Yakishakaa, breki zinakazwa, kabari zinawekwa magurudumuni, na minyororo inafungwa pande zote mbili. Asiposimama mtu kukagua minyororo hiyo kwa mkono, mmoja mmoja, kazi yote iliyotangulia ni bure.

SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ina upana wa milimita 1,435. Magurudumu yake hayawezi kukaa juu ya reli za MV Umoja. Kontena italazimika kunyanyuliwa kwa kreni.

SWALI: *Natoka Mwanza kwenda Sengerema. Bado nahitaji kivuko? – Msomaji, Dodoma*

JIBU: Kwa njia ya Kigongo–Busisi, hapana. Daraja la huko, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025.

SWALI: *Tuna siku moja tu Mwanza, na watoto wawili. Tuone nini? – Mama wa familia, Singida*

JIBU: Dada, anzeni na Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, na mwende asubuhi. Alasiri upepo wa ziwani hupanda na mashua inarusharusha. Boti inaondokea ofisi za hifadhi, Capri Point, na safari ni ya dakika chache. Malipo si ya taslimu: mnapewa namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Vaeni viatu vyenye meno, kwani granaiti yenye umande inateleza. Watoto watapenda pimbi wanaoota jua juu ya mawe, ila wasiwalishe.

Mchana pandeni magari ya Kisesa, barabara ya Musoma, hadi Makumbusho ya Wasukuma Bujora. Ombeni mwongozaji awaeleze Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu zamani. Mkija Juni mnaweza kukuta sherehe za ngoma za Bulabo.

Jiwe la Bismarck liacheni hadi jioni, jua linapozama nyuma yake. Waelezeni watoto kwamba hakuna aliyeyapanga mawe yale. Ni mwamba mmoja wa zamani sana uliopasuka, mvua na jua vikala sehemu laini, yakabaki magumu yamebebana.

Jambo moja tunalisisitiza: watoto wasikanyage maji ya kina kifupi yenye majani. Ndimo wanamoishi konokono wa kichocho, na kijidudu chake hupenya hata ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Kujifuta taulo hakutoshi. Ikitokea wameingia, msikimbilie kupima kesho yake, kwa sababu mayai hayajaanza kuonekana. Wapelekeni baada ya wiki 6 hadi 8, mkamweleze daktari kwamba walikuwa ziwani. Dawa ipo na inatibu.