Lundo langu la mboji simwachii mtu

Swali lenu la wiki hii limenigusa haswa: "Kazi gani ya nyumbani usingemwachia mtu mwingine hata akikuomba, na ipi ungeigawa leo hii?" Najua wengi wataandika kupika, wengine watasema kufua maana hawamwamini mtu yeyote na kola za mashati yao, sawa, kila mtu na lake. Mimi jibu langu ni mboji. Lile lundo la majani na maganda lililoko nyuma ya nyumba, kulilisha, kulimwagia maji, kuligeuza, kulichungulia asubuhi kabla sijanywa chai, hiyo ni kazi yangu na siigawi.

Sababu yenyewe ni hii. Kazi za ndani zinachosha watu kimyakimya, si kwa uzito wake bali kwa vile haziishi. Unaosha vyombo usiku unakausha sinki unazima taa, ukiamka kuna kikombe na kijiko. Unapiga deki, mtu anaingia na viatu. Unakunja nguo zote na kapu la nguo chafu linaanza kujaa jioni hiyohiyo. Silalamiki, nyumba safi naipenda na zamu yangu naifanya, ila kazi hizo zote zinarudisha vitu pale vilipokuwa jana na kesho unaanza tena. Mboji ni kazi ya usafi pia, manake unaondoa taka jikoni na uani, lakini hii inaacha kitu ambacho jana hakikuwepo. Na kile kitu kinakaa, unakichota, unakimwaga kwenye bustani, mwaka unaofuata udongo wako ni mweusi zaidi na jembe linaingia kirahisi zaidi. Hakuna kazi nyingine ndani ya nyumba inayonipa hivyo.

Sasa watu wengi wanadhani mboji ni kutupa uchafu pembeni ukajiozea wenyewe. Hapana jamani. Kuoza tu kila kitu kitaoza, ila kuoza vizuri kunataka mtu. Ndani ya lundo wapo bakteria na fangasi na wadudu wadogo wasiohesabika, hao ndo wafanyakazi, na wanataka vitu vinne tu: kaboni, naitrojeni, maji na hewa. Ukisoma vitabu utakuta wanasema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, lakini hakuna anayepima hivyo nyumbani, kwa macho inatosha ndoo moja ya vitu vibichi, vyenye naitrojeni nyingi, kwa ndoo mbili au tatu za vikavu, vyenye kaboni nyingi. Vibichi ni maganda ya mboga na matunda, majani ya chai, nyasi zilizokatwa leo, magugu uliyong'oa kabla hayajatoa mbegu, samadi. Masalia ya kahawa nayo yanahesabika mabichi japokuwa rangi yake inadanganya, kwasababu yana naitrojeni ya kutosha. Vikavu ni majani yaliyodondoka, nyasi zilizokauka, maboksi uliyochana vipande na kubandua gundi ya plastiki, maranda ya mbao. Ukikosea huku ukarekebisha kule hakiharibiki kitu, na hilo ndo linalonifanya niipende hii kazi kuliko kuoka, kuoka hakusamehe.

Lundo lenyewe linasema linataka nini, unachotakiwa ni kulinusa. Likitoa harufu kali ya amonia inayochoma pua ujue vibichi vimezidi, leta majani makavu uchanganye. Likinuka mayai viza ujue ndani hamna hewa, limelowa na limeshindiliwa, chukua uma wa bustani uligeuze utie vikavu. Likikaa wiki nzima limetulia tu, halipati moto wala halishuki, basi ama limekauka ama lina njaa ya vitu vibichi. Maji ndo wengi yanawashinda, na kipimo chake ni rahisi: chota kwa mkono ubane, inatakiwa iwe na unyevu kama sifongo iliyokamuliwa, tone moja mawili yatoke, yakichuruzika umezidisha. Kipindi cha mvua nafunika na turubai, kipindi cha jua namwagia kila ninapoligeuza.

Na joto! Hapa mnivumilie maana naweza kuongea mpaka kesho. Ukijenga lundo lenye ukubwa wa kama mita moja kila upande, ukalipanga kwa tabaka na kulilowesha vizuri, ndani ya siku chache kati kunafika nyuzi joto 55 hadi 65, moto wa kuto kuweza kuweka mkono, na hakuna aliyewasha kiberiti, ni bakteria tu wanakula na kupumua. Dogo likiwa sana joto linapotea, kwahiyo ukubwa si urembo. Joto hilo ndo linaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa ya mimea. Likipita nyuzi 70 linaanza kuua hata wafanyakazi wenyewe, hapo unaligeuza lipoe, na ukiligeuza hakikisha vilivyokuwa nje vinaingia ndani ili navyo vipikwe. Asubuhi ya baridi ukifukua kidogo mvuke unapanda, watoto wangu walipouona mara ya kwanza waliacha katuni wakaja kusimama pale, tangu hapo hawajawahi kuniuliza tena kwanini natunza uchafu. Namna hii ya kupanga tabaka na kugeuza haikutoka hewani. Mtaalamu wa kilimo Mwingereza, Albert Howard, aliipanga rasmi akiwa Indore nchini India kati ya 1924 na 1931, na mwenyewe alisema alijifunza mengi kwa wakulima wa kule, kwahiyo ni elimu ya wakulima kwanza ndipo ikaja ya maabara. Napenda kulijua hilo kila nikishika ule uma.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea ni jinsi lundo lilivyowaunganisha watu wa nyumbani. Sisi kila mtu ana hobi yake na zamani kila hobi ilikuwa ugomvi wa usafi. Mume wangu ni fundi wa kujifurahisha, wikendi anaranda mbao, maranda yalikuwa yanajaa kila kona, siku hizi anayakusanya mwenyewe kwenye gunia ananiletea, na tumekubaliana yale ya mbao zilizopakwa rangi au dawa hayaji kwangu. Binti yetu anafuga sungura, vinyesi vyao ni dhahabu. Mama mkwe anafuma, vile vipande vya nyuzi za sufu halisi anavyokata mwishoni anaviweka kwenye kikopo, vinaoza polepole ila vinaoza, za nailoni anazitupa kando. Hata ile kazi ya kutoa taka, ambayo kila siku ilikuwa "sio zamu yangu ni zamu yako", imekuwa nyepesi mno, kwasababu ndoo ya taka za kawaida sasa haina kitu kinachonuka. Kinachonuka jikoni ni maganda yaliyofungiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukiyatenga kwenye kindoo chenye mfuniko ukayapeleka uani kila siku na kuyafukia katikati ya lundo, inzi hawana cha kufuata.

Hili la taka si dogo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 ilikadiria kwamba asilimia 44 ya taka za miji na majumbani duniani ni masalia ya vyakula na mimea. Karibu nusu! Na zikifukiwa dampo bila hewa zinatoa methani, gesi inayopasha joto dunia mara nyingi zaidi ya kaboni daioksaidi. Kwahiyo yale maganda unayoyaona hayana maana yanasafirishwa mbali, kwa mafuta na gharama, yakafanye madhara, wakati hapo nyuma yangekuwa chakula cha udongo.

Ambacho kinaniuma kabisa, na hapa naomba mnichapishe bila kukata, ni watu wanaofagia majani makavu wakayachoma. Kila wakati nikiona moshi ule najisikia vibaya. Ule moshi unaingia kwenye vifua vya watoto na wazee, na naitrojeni iliyokuwa kwenye yale majani inapotea hewani, unabaki na jivu kidogo, halafu mtu huyohuyo anaenda kununua mbolea. Majani makavu ndo kitu adimu kwenye mboji, vibichi vinapatikana kila siku jikoni ila vikavu vinakuja kwa msimu, mimi naweka magunia ya akiba sehemu isiyonyeshewa. Hata kama hutaki mboji, yatandaze chini ya mimea yako, yatazuia jua lisinyonye maji na yatapunguza magugu, utapalilia mara chache. Jirani mmoja nilimwomba asichome, akaanza kunipa mimi, sasa hivi naye ana lundo lake na tunabishana nani lake linapata moto haraka.

Vya kutoweka ni vichache ila vishike. Nyama, mifupa, samaki, mafuta na maziwa vinaleta panya na harufu, kwenye lundo la nyumbani acha. Kinyesi cha mbwa na paka usiweke kabisa, kina vimelea vinavyoweza kumdhuru binadamu. Mimea iliyougua usiitie kama huna uhakika lundo lako linapata moto wa kutosha. Ndago nao, vile vitunguu vyake vya chini ni vigumu kufa, vianike juani mpaka vikauke kabisa ndo uvifikirie, la sivyo utapanda ndago bustani nzima kwa mikono yako mwenyewe. Majivu weka kiasi kidogo tu. Maganda ya mayai yasage kwanza manake yanachukua muda mrefu sana. Maganda ya machungwa na ndimu watu wanayaogopa bure, kwenye lundo la kawaida yanaoza vizuri ukiyakatakata.

Kuhusu zile dawa za kuharakisha mboji zinazouzwa kwenye mifuko, msimamo wangu ni kwamba huzihitaji. Koleo moja la mboji ya zamani au udongo mzuri wa bustani lina vijidudu vyote unavyovitaka, pesa yako kanunulie uma imara.

Itaiva lini? Kwenye hali ya joto na ukiligeuza mara kwa mara, miezi mitatu hadi sita. Ukiliacha bila kuligusa inaweza kufika mwaka na zaidi, na hilo nalo si kosa kama huna haraka. Lundo linashuka mpaka nusu au chini ya hapo, usishtuke. Iliyoiva ni nyeusi, inachambuka, haipati moto tena ukiigeuza, huoni ganda wala jani ukalitambua, na inanukia udongo baada ya mvua, harufu hiyo inatengenezwa na aina fulani ya bakteria wa udongoni. Usiharakie. Mboji mbichi ukiipeleka kwenye miche, vijidudu bado vina kazi vinanyang'anya naitrojeni ya mmea, majani yanageuka manjano na wewe unadhani ni ugonjwa. Kama una wasiwasi panda mbegu chache zinazoota haraka kwenye kopo la mboji hiyo, zikiota na kusimama vizuri imeiva.

Mnaokaa ghorofani msione nimewasahau. Kuna minyoo wekundu wa mboji, sio wale unaowachimba bustanini, hawa wanaishi kwenye uchafu unaooza na wanatosha kwenye beseni lenye mfuniko na matundu, unawatandikia karatasi zilizochanwa na kuloweshwa, unawalisha maganda kidogokidogo wakimaliza unaongeza. Hawapendi jua wala baridi kali. Mboji yao ni laini mno na kwa maua ya kwenye kopo naiona bora hata kuliko yangu, nakiri bila wivu.

Sehemu ya pili ya swali, ipi ningeigawa. Kupiga pasi. Na nimeshaigawa, kijana wetu mkubwa anaipenda, anaweka muziki wake anasimama pale saa nzima ametulia kabisa, mashati yanatoka yamenyooka kuliko nilivyowahi kunyoosha mimi. Juzi akaniuliza kama anaweza kujaribu kugeuza lundo. Nikamwambia aje Jumamosi asubuhi avae buti, ageuze upande mmoja na mimi upande mwingine.