Kabla hujasema umepata tabaka moja

Juzi dada mmoja wa Bukavu kaniandikia: "Kaka, nataka kufanya utafiti wa nusukipitishi, vitu vya kutengenezea chipu za kompyuta, zenye tabaka moja jembamba la atomu chache, lakini huku maabara hatuna. Nianzie wapi?" Anzia pale nilipoangukia mimi.

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo, hapa Lubumbashi, nilisoma jinsi wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov walivyobandua grafiti, ile kaboni ya penseli, kwa skochi huko Manchester, Uingereza, mpaka wakapata grafini, tabaka moja tu la atomu, wakachapisha mwaka 2004, wakapewa Nobeli mwaka 2010. Skochi! Hata soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, iko. Grafini yenyewe haina pengo la nishati, yaani kizingiti ambacho elektroni lazima zivuke ili umeme upite, kwa hiyo transista yake, swichi ndogo ya umeme, haizimiki vizuri; basi nikachagua molibdeniti, madini ya molibdeni na salfa, ambayo inalo. Nikapata kijiwe chake: cheusi, kinang'aa, kinapaka vidole kama penseli. Usiku umeme ukirudi nabandika skochi, nakunja, nabandua, tena na tena, mpaka mng'ao unageuka ukungu wa kijivu. Nikahamishia kwenye kioo cha hadubini. Jani moja lilikuwa limefifia, karibu lisionekane. Nikapiga kelele, mama akadhani nyoka kaingia.

Siku ya kutetea memwari, ile tasnifu ya mwisho, nikiwa nimevaa koti la mjomba, nikatangaza: tabaka moja. Mzee mmoja wa juri akauliza taratibu, "Umejuaje?" Nikajibu, "Ni jembamba sana, papa profesa." Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Mzee hakukosea, ingawa angeweza kuniita pembeni. Tabaka moja lina unene wa nanomita 0.65 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), juu ya kioo cha kawaida jicho hudanganyika. Wenzetu wenye maabara huliweka juu ya silikoni yenye ganda la oksidi la nanomita 300 hivi, na hapo hata jani jembamba hubadilisha rangi. Kisha hulimulika kwa leza: pengo la nishati, kama eV 1.2 (elektronivolti, kipimo cha nishati) kwenye jiwe nene, hupanda hadi kama 1.8 kwenye tabaka moja, nalo hutoa mwanga wake mkali kuliko jiwe lenyewe.

Kwa hiyo pima, dada. Vijana wenzangu, pimeni! Tunajiita watafiti kabla hatujapima kitu. Andikia maabara za nje, usiombe pesa wala viza, omba kipande cha silikoni chenye oksidi. Mimi niliandika barua nyingi, ikajibiwa moja. Kipande changu ni kidogo kama ukucha, rangi ya zambarau. Nimekiweka kabatini ndani ya kopo la dawa, na mama hamruhusu mgeni yeyote kuligusa.