Kutorudi joto si mimba

Ng'ombe wangu Sikitu alipandishwa tarehe 3 Machi, asubuhi ya mvua ile ya Tukuyu isiyojua kukata. Nilichora alama ya mkaa kwenye ukuta wa banda, nikahesabu siku 21, ambapo asiyeshika hurudi joto, yaani hutaka dume tena, nikamchungulia siku mbili tatu. Hakulia, hakutoa ute. Nikamwambia mke wangu, tayari huyo. Kufikia Juni tumbo limejaa, majirani wakipita wananipa hongera nami nazipokea. Agosti daktari alikuja kwa ajili ya ndama aliyekuwa anaharisha (huku kwetu kila mwenye buti na begi la mifugo tunamwita daktari). Nikamwomba, kwa kujisifu tu, amguse na Sikitu. Akavaa glavu ile ndefu, akaingiza mkono, akakaa kimya kidogo. "Mzee, humu hamna kitu. Haya ni majani ya tembo."

Miezi mitano nimelisha pumba na mashudu nikidhani nalisha wawili.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ng'ombe hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa akiingia joto kama kawaida kila baada ya wiki tatu, mimi ndiye sikuona. Sisi tunaofuga mmoja au wawili ndani ya banda tuna shida ambayo mwenye kundi hana. Dalili ya uhakika ni ng'ombe kusimama atulie akipandwa na mwenzake, sasa aliye peke yake atapandwa na nani? Tena joto lenyewe halidumu, mara nyingi halifiki hata saa 18, na wengi huanza usiku tukiwa tumejifunika mablanketi mawili kwa baridi. Siku hizi naamka. Naenda na tochi saa 4 usiku, halafu saa 11 alfajiri kabla ya kukamua. Natazama mkia kama una ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai, uke kama umevimba, na kama ameacha chakula ndani ya hori. Asubuhi natazama ndoo, maana maziwa yakipungua ghafla bila ugonjwa, nashtuka.

Ukikuta damu kidogo mkiani, usikimbilie kupiga simu. Joto lilishapita kama siku mbili nyuma, na kumpandisha siku hiyo ni kutupa mrija wa mbegu. Wala damu hiyo haisemi kama ameshika au hakushika. Iandike tu. Kama hakushika, atarudi baada ya siku kama 19, na safari hii utakuwa unamsubiri wewe. Akionekana asubuhi apandishwe jioni, akionekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi.

Kuna jambo nililichelewa kulielewa. Mimba changa ina kama siku 16 au 17 za kumjulisha mama kwamba ipo. Ikifa kabla ya hapo, ng'ombe hurudi joto kwa siku zake za kawaida na wewe unadhani mbegu haikushika. Ikifa baadaye, anarudi siku ya 30, ya 35, siku zisizoeleweka. Kwa hiyo anayerudi kwa kuchelewa huenda alishika kisha akapoteza. Habari hiyo ni ya thamani kwa mtaalamu, ila ataipata wapi kama hukuandika?

Mpwa wangu anatunza farasi kwenye shamba moja huko Mufindi. Ananieleza kwamba farasi jike hupimwa kwa mashine ya picha tangu siku ya 14 hivi, kwa sababu akibeba mapacha kwa kawaida hupoteza yote mawili, hivyo daktari humminya mmoja mapema abaki mwingine. Mwenye ng'ombe hana haraka hiyo. Kwa mashine, mimba ya ng'ombe huonekana kuanzia kama siku ya 28. Kwa mkono, mzoefu anaweza kabla ya siku ya 60, lakini mimi nasubiri itimie, maana mkono wenye pupa kwenye mimba changa siutaki. Mpwa huyohuyo aliniuliza mbona nisihamie kwenye uhawilishaji wa viinitete, yaani kutoa mimba changa kwa ng'ombe mmoja na kuipandikiza kwa mwingine, nipate ndama wa damu ya juu mara moja. Nikamjibu, kiinitete huvunwa siku kama ya 7 na huwekwa kwa ng'ombe aliyeingia joto karibu siku ileile na mwenye kukitoa. Mtu aliyepitwa na joto la ng'ombe wake mwenyewe miezi mitano ataoanisha wawili?

Sindano ya kuleta joto nayo iogopwe. Jirani yangu, mama mmoja, aliona ng'ombe wake kimya, akaita mtu akachomewa. Joto lilikuja kweli, lakini lilitanguliwa na mimba ya karibu miezi mitatu, ikadondoka zizini. Ile sindano huondoa kile kinachoshikilia mimba. Hakuna aliyempima kwanza. Nilikuwepo, na mama yule hakusema neno, alichukua jembe akaenda kuchimba. Anayetaka kuchoma ng'ombe wako bila kuvaa glavu kwanza, mkaribishe chai aende zake.

Mimba ikithibitika, hesabu siku kama 283 tangu kupandishwa. Sikitu angeshika ile Machi, angezaa karibu na tarehe 11 Desemba. Miezi miwili kabla ya hapo kausha maziwa, na siku ya kukausha apimwe tena, kwani zipo mimba zinazopotea katikati bila kelele.

Baada ya yote yale Sikitu alizaa, ndama jike. Sasa amepandishwa tena, tarehe iko kwenye daftari, na siku ya 60 inaangukia wiki ijayo. Daktari nimeshampigia. Tumbo limeanza kujaa na majirani wameanza hongera zao, mimi nasubiri glavu.