Muulize Fundi: Jiko la Mfuniko Lililotupwa, Lifufuliwe au Liuzwe Chuma Chakavu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nauza migebuka ya kuchoma jioni hapa Mwanga, Kigoma. Wapangaji wa jirani wamehama na kuacha nyuma ya nyumba jiko la mkaa la duara, lenye mfuniko na miguu mitatu, mmoja umekatika. Limenyeshewa msimu mzima wa mvua. Ndani majivu yameganda, wavu umeshika kutu, na mfuniko kwa ndani unabanduka magamba meusi. Mwenye nyumba ameniruhusu nilichukue. Kaka yangu anasema nilipige rangi ya fedha ndani na nje, nianze kazi. Wewe unasemaje?
Binti wa Mwanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako hiyo rangi aiweke kando kwanza. Rangi ya kawaida ya kopo haikutengenezwa kwa ajili ya moto. Ndani ya jiko itaungua na kubanduka, na moshi wake utaingia kwenye samaki wa wateja wako. Ndani ya jiko la kuchomea hakupakwi kitu zaidi ya mafuta ya kula.

Jiko lenyewe ni zuri, usiwape watu wa chuma chakavu kabla hujalikagua. Umbo hilo lilianza Marekani mwaka 1952, fundi chuma mmoja wa Chicago, George Stephen, alipotumia nusu mbili za boya la chuma: ya chini ikawa karai la mkaa, ya juu ikawa mfuniko. Majiko mengi ya namna hiyo ni bati jembamba lililovikwa enameli, kama zile sahani za zamani za kina bibi. Enameli haishiki kutu. Kutu huanzia pale ilipobanduka, kwenye matundu ya bolti, na kwenye kitako.

Kwa hiyo anza na kitako. Majivu makavu hayana neno, lakini yakilowa hushika unyevu na ukali wa magadi, yakakaa yanakula chuma kimyakimya. Yakwangue yote kwa kipande cha mbao. Kisha chukua bisibisi, bonyeza kila penye kutu. Kama ni kutu ya juujuu, utadondoka unga wa kahawia na chini yake utaona chuma kigumu cha kijivu. Bisibisi ikipenya, hapo pameoza. Giza likiingia, washa tochi uiweke ndani, funika, kisha zunguka jiko ukitazama. Vitundu ambavyo mchana huvioni vitajionyesha kwa nuru. Vichache vya pembeni havina madhara. Ila kitako kikiwa kimeoza upana wa kiganja, usikimbilie kuchomelea, kwa sababu bati jembamba hutoboka zaidi. Mwombe fundi akukatie bamba jeusi la milimita 2, alikunje kidogo lifuate umbo la karai, ulilaze ndani juu ya palipooza. Matundu ya hewa yabaki wazi.

Jambo jingine: waulize majirani jiko lilikuwa likichomea nini. Siku hizi vijana huchoma nyaya za umeme kwenye majiko mabovu ili wapate shaba. Likiwa limefanyiwa kazi hiyo, usilipikie chakula.

Kama lilichoma nyama na samaki tu, lichome nalo. Jaza mkaa nusu karai, washa, rudisha wavu, funika huku matundu yote yakiwa wazi, liache kama saa nzima. Mafuta ya zamani yatageuka mkaa mkavu unaopukutika. Liache lipoe lenyewe. Ukimwagia maji enameli ya moto, inapasuka.

Hayo magamba meusi ya mfuniko yasikutishe. Si rangi, ni moshi na mafuta vilivyogandana siku nyingi. Enameli ikivunjika huruka vipande vidogo vigumu, vyenye ncha za kukata. Chukua majivu yaliyochekechwa, yaloweshe kidogo, usugue kwa gunzi la mahindi. Mama zetu walisugua masufuria hivyo, na sababu ipo: magadi ya majivu yakikutana na mafuta hufanya sabuni. Usitumie msasa kwenye enameli.

Sasa wavu. Huu ndio unaogusa chakula, na hapa nakusihi unisikilize. Ukiwa na kutu ya juu tu, uloweke kwenye siki usiku kucha, asubuhi usugue, usuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kisha ukaushe juu ya moto papo hapo. Ukiuacha na maji, jioni kutu imerudi. Vyuma vikiwa vimelika hadi vinakatika ukivikunja, utupe.

Usinunue senyenge wala wavu wa mabanda ya kuku kuziba nafasi yake. Waya huo umepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 za sentigredi, na makaa yaliyopepewa yanapita hapo kwa mbali. Sisi wa kuchomelea tunaujua moshi wake: ukichomelea mabati bila kujikinga, jioni unapata homa na kutetemeka. Tena zinki hutoka kirahisi ikikutana na ndimu, nawe najua migebuka yako unaikamulia ndimu. Mwambie fundi akutengenezee wavu wa nondo laini ya milimita 8, si ile yenye nundu, maana mafuta ya samaki hujificha kwenye nundu hizo. Nafasi kati ya chuma na chuma iwe ya kidole kimoja, samaki asidumbukie.

Kisha mafuta. Hapa Kigoma kila nyumba ina mawese, na kwa kupikia sina neno nayo. Kwa kukinga chuma, chukua alizeti. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya kuganda, hayakauki vizuri kuwa ngozi ngumu juu ya chuma. Alizeti hukauka. Paka kidogo sana, kisha futa kwa kitambaa kana kwamba unayaondoa yote, weka wavu juu ya moto hadi uache kutoa moshi. Rudia mara tatu hivi, utaona chuma kimekuwa cheusi chenye kung'aa, na ngozi ya mgebuka haitang'ang'ania.

Chuma kilichopakwa mafuta ni kigumu kufa. Wajerumani walipoizamisha meli tunayoiita Liemba mwaka 1916, injini zake walikuwa wamezipaka grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini humu ziwani. Grisi tuwaachie wenye meli; wewe kila ukifunga kazi, sugua wavu ungali na joto, upake alizeti, na majivu yasilale ndani ya karai.

Mguu ni kazi ndogo, kipande cha bomba na bolti vinatosha. Mpini ukiwa umeoza, omba kipande cha mninga kwa seremala. Na ile rangi ya kaka yako, kama mnaipenda, nunueni ya kustahimili joto inayopakwa ekzosi za magari, mpake nje tu.

SWALI: Fundi, nasafisha wavu kwa brashi ya waya. Juzi mteja amekuta kiwaya kwenye samaki. Nibadilishe brashi?
Mchoma samaki, Ujiji

JIBU: Acha brashi za waya kabisa kwenye wavu wa chakula. Zikichakaa hudondosha nyuzi zisizoonekana, na mtu akimeza uzi mmoja unaweza kumchoma koo au kumtoboa utumbo. Gonga ncha ya nondo iwe bapa, kwangua nayo wavu ukiwa wa moto, kisha pitisha kitambaa kilicholoa, ukikishika kwa koleo. Kabla ya kupanga samaki, uangalie wavu kwenye mwanga.

SWALI: Nina pipa tupu, nataka nilipasue liwe jiko la kuchomea nyama. Nitumie moto au mashine ya kukatia?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Kwanza nieleze lilibeba nini. La dawa za shamba au kemikali, hapana, hata ukilichoma siku nzima. La petroli au dizeli, usilisogezee moto wala mashine yenye cheche, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke unaobaki ndani hulipuka, na huua. Tafuta pipa lililobeba mafuta ya kula, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, lijaze maji hadi chini kidogo ya mstari wa kukatia, ndipo ukate. Ukimaliza, rangi ya ndani iungue yote kwa moto mkali, mahali pa wazi mbali na watoto, kabla hujaweka nyama.