Bendi Ikirudiana, Daftari Kwanza, Gitaa Baadaye

Juzi vijana wawili wenye bendi yao hapa Nakuru walinisimamisha Kenyatta Avenue, mmoja ana gitaa mgongoni, wakaniuliza: "Mkubwa, mlifanyaje mkarudiana baada ya miaka tisa?" Nilikuwa nakimbilia matatu ya Njoro, nikawajibu tu, "Tulipigiana simu." Nimekuwa nikijilaumu tangu siku hiyo. Walistahili jibu refu kuliko hilo, wao na wengine wote walioanza bendi juzi na wanadhani kazi kubwa ni kujua chords za gitaa.

Sisi ni wanne: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga drumu, na mimi wa besi. Tulianza 2006, tumetoka shule juzi, tukapiga roki katika mji ambao kila mwenye ukumbi alitaka injili au nyimbo za kuchezesha harusi. Watu hudhani bendi huvunjwa na tofauti za muziki. Yetu ilivunjwa na shilingi 18,000.

Ilikuwa 2013. Tulipiga shoo katika chuo kimoja, malipo yakaingia kwenye simu yangu. Kabla sijagawa nikalipa duka lililokuwa limetutengenezea amplifaya ya besi, 6,500. Zikabaki 11,500, kila mtu 2,875. Wenzangu walikuwa wameshapiga hesabu ya 4,500 vichwani mwao, na wengine walikuwa wameshazitumia. Risiti nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa, kwa kiburi tu: nilitaka waniamini bila karatasi. Mpiga drumu akasema neno, nikamrudishia baya zaidi, na kuanzia siku hiyo tukawa watu wa kuonana matangani.

Na ni matanga yaliyotukutanisha 2022, Siaya, kwao mpiga gitaa. Tulijikuta wanne tena, tumebeba viti vya plastiki kutoka kwenye lori, kila mmoja anajua mwenzake atashika upande gani bila kuambiwa. Hakuna aliyetaja bendi siku hiyo. Simu zilikuja wiki mbili baadaye.

Sasa somo lenyewe. Mkutano wetu wa kwanza haukuwa na chombo hata kimoja. Tulikaa kwenye hoteli ya chai karibu na steji ya matatu, mandazi manne, daftari moja la kurasa 96. Nilikwenda na ile risiti ya 2013. Ilikuwa ya karatasi ya mashine, na wino wote ulikuwa umefifia, imebaki nyeupe pe. Niliiweka mezani hivyo hivyo. Mwimbaji aliiinua juu akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Kweli imeandikwa hapa, elfu sita na mia tano." Mpiga drumu akacheka mpaka chai ikamwagika. Kama wasingecheka sijui ningesema nini, maana hotuba niliyokuwa nimeiandaa njiani ilikuwa mbovu.

Tuliyoandika siku ile hatujayabadilisha. Pesa ikiingia, ujumbe wa malipo unatumwa kwenye kundi dakika ile ile, kabla mtu hajafungua soda. Matumizi yoyote ya kupita 1,000 yanaulizwa kwanza. Na bendi yenyewe ni mtu wa tano: ina fungu lake, la nyuzi, ngozi za drumu, nauli na studio. Ukichukua zile 18,000 ukazigawa kwa watano, kila mmoja anapata 3,600, na bendi nayo 3,600. Bado isingetosha kulipa lile duka. Lakini tungejua sote wanne kwamba haitoshi, na tungekasirikia amplifaya badala ya kukasirikiana.

Jambo la pili mlikwepe mapema: msikae sana kwenye nyimbo za zamani. Sisi tulipoteza Jumamosi tatu tukizipiga, na kila moja ilitoka kama watu wanaoiga watu. Mwimbaji alikuwa na miaka 22 alipozitunga, sasa amepita 38, na ile noti ya juu ya kibwagizo haipo tena kooni mwake. Alikuwa anaikimbilia, mishipa ya shingo imesimama, sisi tunaangalia viatu. Mwishowe tulishusha vyombo vyote nusu toni. Dakika tano za kulegeza nyuzi, na akaimba kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Wadogo zangu, koo la mtu si suala la ujasiri. Shusheni.

Lakini kilichotuonyesha kwamba tumerudi kweli ni wimbo mpya. Ile miaka tisa mpiga gitaa alikuwa Kisumu akipigia bendi za benga, na benga, kama mnavyojua, ni gitaa lililojifunza kuongea kutoka kwa nyatiti, kile chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Jumamosi ya nne alikuwa anajaribu nyuzi tu, hapigi wimbo, kidole gumba kinashuka chini na cha shahada kinajibu juu, haraka haraka. Kisha, kwa utani, akakanyaga pedeli ya mkwaruzo. Mpiga drumu aliyekuwa anakaza skrubu aliinua kichwa. "Rudia." Akarudia. "Usipige haraka. Rudia." Mara ya tatu drumu ya mguu ikaingia, si pale ambapo mtu wa roki angeiweka, bali nyuma kidogo, na mimi nikajikuta sina kazi nyingine ila kushikilia noti moja na kunyamaza. Dakika arobaini baadaye tulikuwa na wimbo ambao kati yetu hakuna angeweza kuutunga mwaka 2013, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekwenda mahali.

Na hapo hapo, kabla jasho halijakauka, daftari likatoka. Hili nataka mlishike kuliko yote. Siku wimbo unapozaliwa kila mtu ni mkarimu. Ukianza kuleta pesa, kila mtu anakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake. Tuliandika: mwimbaji 35 kwa mia, mpiga gitaa 35, mimi 15, mpiga drumu 15. Tarehe, sahihi nne, picha ya ukurasa kwenye simu za wote. Mpiga drumu alitaka kukataa, eti yeye "amegonga tu". Tulimkatalia. Ule mpigo wa nyuma ndio wimbo.

Kwa Kenya, hakimiliki inaanza pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, haingojei mhuri. Hata hivyo sajilini kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa sababu siku ya ugomvi cheti ni ushahidi. Haki hiyo inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ile 15 kwa mia siigombanii kwa ajili yangu peke yangu. Tena wimbo na rekodi ya wimbo ni vitu viwili. Mtunzi ana chama chake cha kumkusanyia malipo, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa MCSK. Aliyeimba au kupiga chombo ana PRISK. Mwenye rekodi ana KAMP. Vijana wengi hujiunga na kimoja wakadhani wamemaliza. Kabla ya kujaza fomu yoyote, ulizeni KECOBO ni chama kipi kina leseni wakati huo. Na wimbo ukienda kwenye intaneti, hakikisheni una ile namba ya kutambulisha rekodi, ISRC, herufi na tarakimu 12 kwa jumla, na muiandike daftarini kando ya sahihi zenu.

Kuhusu kurekodi sina mengi, ila hili la magunia. Tunafanyia mazoezi stoo ya mjomba wa mwimbaji, Njoro. Novemba ilikuwa imejaa mahindi mpaka karibu na paa, sisi tumebanwa kwenye uwazi wa vitanda viwili, na drumu zikatoka kavu, zimeshikana, mpaka fundi wa sauti aliyeleta maiki zake nne akauliza tumeweka nini ukutani. Machi tukarudi kurekodi wimbo wa tatu, mjomba ameshauza. Chumba kitupu, mabati matupu, kila pigo linalia kama mtu yuko ndani ya tangi la maji. Tulipiga siku nzima tukitafuta kosa kwenye ngozi za drumu. Kosa lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori. Siku iliyofuata tuliazima magodoro sita kwa majirani, tukayaegemeza ukutani, mambo yakatulia. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mpigaji au kukopa ununue maiki ya bei, piga makofi katikati ya chumba usikilize kama yanalia.

Na masikio. Mpiga drumu wetu ana mlio sikioni usiokoma, hata usiku. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inasema kikomo cha sauti ya desibeli 85 ni saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Fanya hesabu mpaka 100: ni dakika 15. Stoo yenye mabati na drumu inafika hapo bila kutoa jasho. Nunueni vizibo.

Sasa mbele. Tuna nyimbo nne mpya, na hapa ndipo bendi nyingi zilizorudiana huteleza, kwa sababu furaha ya kurekodi inamfanya mtu aahidi mwaka mzima. Eagles wa Marekani walitengana 1980, wakarudi 1994 na nyimbo mpya nne tu, kama sisi. Albamu nzima ya nyimbo mpya ikatoka 2007. Blur walirekodi siku tano Hong Kong 2013, tamasha lao la Tokyo lilipofutwa, ila albamu ikangoja mpaka 2015. Pixies walirudi jukwaani 2004, albamu mpya ikaja 2014, na mwaka mmoja kabla yake Kim Deal alikuwa ameshaondoka. Huyo ni mpiga besi. Nimeliangalia hilo mara mbili.

Mwimbaji wetu anataka albamu ya nyimbo kumi kabla ya Desemba. Mpiga drumu anafanya kazi ya zamu, wiki moja mchana wiki moja usiku. Mpiga gitaa bado anaishi Kisumu, na kutoka huko mpaka kwetu ni Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, akiwa amepakata gitaa kwenye matatu kwa sababu kondakta alitaka kulilipisha kama abiria. Mimi nina watoto wawili na duka. Tulibishana wiki mbili, kwa heshima, kisha tukafanya kitu ambacho 2013 tusingekifanya: kila mtu aliandika kwenye karatasi, bila kuonyeshana, ni Jumamosi ngapi kwa mwezi anazoweza kutoa bila ugomvi nyumbani. Mwimbaji nne, mimi mbili, mpiga gitaa mbili, mpiga drumu moja. Basi bendi ina Jumamosi moja ya wote wanne, na nyingine ni ya atakayeweza. Hatukuchukua wastani. Tulichukua ile ndogo, na mwimbaji alinuna mpaka alipomaliza soda yake.

Kwa Jumamosi moja kwa mwezi, nyimbo kumi ni ndoto. Tumekubaliana mbili zaidi, ziwe sita, zitoke pamoja. Shoo mbili tu mwaka huu, moja Nakuru na moja Kisumu, na ile ya Kisumu hatuendi mpaka nusu ya malipo iwe imeingia na ujumbe uko kwenye kundi. Tumeshakataa shoo moja Eldoret kwa sababu iliangukia wiki ya zamu ya usiku. Iliuma, pesa ilikuwa nzuri.

Drumu za nyimbo mbili zilizobaki tutazipiga Novemba, mjomba akishajaza stoo. Na nyinyi wawili wa Kenyatta Avenue, mazoezi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, Njoro. Njooni msikilize. Mje na nyuzi zenu, za ziada sina.