Mbung'o wa Msituni: Usimpe Jina kwa Makazi Yake

Ninyi mnaoanza kazi ya kutambua mbung'o, nawasihi msimpe mdudu jina kwa sababu ya mahali mlipomnasa. Kosa hilo nililifanya msimu wangu wa kwanza kule Shimba Hills, pwani ya Kenya. Nilimtoa kwenye kichaka chenye kiza mchana kweupe, nikaandika "kundi la fusca", maana nilikuwa nimesoma kwamba fusca ni wa msituni. Kumbe alikuwa Glossina austeni. Huyu hukaa vichakani na kwenye misitu ya pwani, lakini kwa uainishaji yumo kundi la morsitans, pamoja na mbung'o wa nyikani.

Anza na bawa. Katikati yake mishipa imezunguka chumba chenye umbo la shoka. Ukikiona, huyo ni Glossina, yaani mbung'o. Nzi wa zizini naye ana mdomo wa kutoboa ulioelekea mbele, lakini shoka hilo hana.

Kisha pima. Austeni ni miongoni mwa mbung'o wadogo kabisa, hafikii sentimita moja, na mgongo wa tumbo lake ni wa hudhurungi iliyoiva wekundu. Glossina brevipalpis, ambaye ndiye wa kundi la fusca kweli katika misitu hiyohiyo, ni mkubwa waziwazi. Rangi isikutoshe, hasa kwa waliotolewa kwenye mitego ya gundi, kwani hutoka wamechakaa na miguu imekatika.

Uthibitisho uko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Fungua ncha ya tumbo chini ya hadubini, taratibu, utazame vibanio viwili vya juu. Vya fusca viko huru, kila kimoja peke yake. Vya morsitans vimeunganishwa na utando hadi karibu na ncha. Mara ya kwanza nilipouona utando ule ukimeta kwenye austeni wangu, nilirudia lebo zote za juma zima.

Jina hilo lina uzito shambani. Austeni haingii kirahisi kwenye mitego mingi ya kitambaa, kwa hiyo kwenye kampeni ya kumtokomeza Unguja walitumia paneli za buluu zenye gundi kumfuatilia, huku madume tasa waliozalishwa Tanga wakimwagwa kwa ndege. Kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o mwaka 1997.

Ukipata jike aliyechakaa na una shaka, andika "Glossina sp." kwenye lebo, pamoja na tarehe na aina ya mtego, umhifadhi.